Mbele Yangu

Muhuri nauvalisha soksi ya mwanangu, ya mguu wa kushoto,
maana wino una miguu, hufika usikotumwa.
Kalamu nne: tatu za kupotea, moja ya kazi.
Kitabu cha kumbukumbu, kibweta cha wino wa dole gumba,
chupa ya maji. Baiskeli.
Tanga ni tambarare, namshukuru aliyeitandaza.

Mawakili wenzangu wana feni na benchi la wateja.
Mimi ndiye ofisi. Napiga hodi.

Chuda, saa tatu. Bwana Sekibojo anauza gari.
Simu kaibana kwa bega, shingo imelala upande,
anabishana na fundi juu ya bati za geji thelathini.
Namwonyesha mstari. Anatikisa kichwa,
sijui ananijibu mimi au anazijibu bati.
Anasaini. Natazama:
kaandika Fundi Hoza.
Muuzaji wa gari, Fundi Hoza,
ambaye hata toroli hana.
Nachana. Natoa nakala ya pili.
Siku hizi natembea na nakala tano.

Makorora, saa tano. Ndugu wawili, kiwanja kimoja.
"Mwambie huyo aanze kusaini."
Nikamwambia huyo.
"Mwambie yeye ndiye mkubwa, aanze yeye."
Nikamwambia yeye.
Walikuwa mkeka mmoja, magoti karibu yagusane.
Nikawapa kalamu mbili, nikahesabu moja, mbili, tatu,
wakasaini pamoja. Hawakucheka.
Mmoja kaondoka na kalamu yangu.

Sheria yanitaka niandike: mbele yangu.
Maneno mawili, kila siku nayagongea muhuri.
Lakini ni nani huwa mbele yangu?
Kiwiliwili kimekaa kitini, mwenyewe yuko kwenye bati,
yuko utotoni, anatazama mama akimpa mwenzake
kipande kikubwa cha nazi.
Basi nafunga kalamu, naifungua,
naulizia kuku, naulizia magoti,
mpaka mtu arudi ndani ya macho yake.

Ngamiani, Barabara ya Kumi na Moja, adhuhuri imepita.
Bi Mwanasha Kibwana. Hati ya zawadi:
nyumba ya vyumba sita iende kwa Jumbe, mtoto wa dadake.
Bibi anapepeta mchele.
"Mama yako hajambo?" Hajambo.
Anainuka, chungu. Anarudi. Anainuka, paka.
Anarudi. "Mama yako hajambo?"
Jumbe akaninong'oneza, "Kichwa kimeshakwenda hicho,"
akauvuta mkono wa bibi, akalichovya dole gumba kwenye wino
kama mtu anayechovya mkate chaini.

Nikaweka kiganja juu ya karatasi.
"Jumbe, nenda kaninunulie kashata."
"Wakili, wewe tumekulipa."
"Mbili. Za nazi."

Nikasoma polepole, kama ninamsomea barua ya mwanawe.
Kaskazini inapakana na nyumba ya Mhina. Anachagua mchele.
Kusini inapakana na uchochoro. Anachagua mchele.
"Kwa hiari yangu mwenyewe, bila ya kushurutishwa..."
Ungo ukasimama.
"Hapo rudia."
Nikarudia.
"Hapo," akasema, "pana chuya."

Nikaurudisha muhuri ndani ya soksi.
Jumbe alikuja na kashata, akaniita jina
ambalo kitabu changu cha kumbukumbu hakina safu yake.
Nikamhesabia elfu ishirini zake,
noti ya mwisho imekunjamana kwa jasho langu.

Bi Mwanasha akanisindikiza. Kizingiti ni kirefu,
akajishikiza ukutani, na lile dole gumba
lilikuwa bado bichi kwa wino.
Likabaki pale kwenye chokaa, mviringo ndani ya mviringo,
halikukwaruzika hata kidogo. Na nililiona likitiwa.
"Mama yako," akasema, "hajambo?"
Hajambo, Bi Mwanasha.

Tairi la nyuma lilikuwa limelala.
Nikaikokota baiskeli kwenda kwa mtia upepo, Barabara ya Nane,
simu inaita mfukoni:
Jumbe. Jumbe. Jumbe.